Dobi nampa nyota nne, ya tano kaipotezea kwenye tangazo la Idi

Nianze na mazuri maana mzee anastahili. Huyu dobi wa huku kwetu Magomeni huu mwaka wa tatu namtumia, kanzu akiipiga pasi mpaka unaogopa kukaa, stachi anaweka ya kiasi sio ile inakukwaruza shingo siku nzima, na hajawahi kunipa nguo ya mtu mwingine hata mara moja. Bei ya kawaida tu. Kwa kazi sina neno.

Sasa njoo kwenye sikukuu.

Idi ndogo iliyopita nilimpelekea kanzu mbili, yangu na ya dogo, na koti juu. Nikacheki status yake, kaweka picha ya mwezi na msikiti, maua yanametameta, kaandika Eid Mubarak wateja wetu, siku ya Idi tutafunga. Basi. Usiku wa Ramadhani 29 tukakaa kumsubiri Mufti, mwezi haujaandama, kesho tunakamilisha 30, nikajisemea safi, kesho nitapita mchana nichukue vitu vyangu taratibu.

Saa 8 mchana nafika, kufuli. Jua hilo na swaumu juu. Mlangoni tupo watu watano, mmoja ana suti ya harusi wala Idi yenyewe haimhusu. Kwenye Google wameandika hapo ni wazi masaa 24, sijui nani aliweka, mana mzee mwenyewe saa 3 usiku kashalala. Kijana wa duka la jirani ndo akatuambia, mzee kaswali Idi leo asubuhi, yeye anafuata mwezi wa kimataifa, yaani ukionekana popote duniani kwake ni Idi. Yaani hakutudanganya, siku ya Idi kafunga kweli, ila Idi yake! Na kesho ambayo ni Idi yetu kwake ni Idi pili, kafunga pia. Kanzu zetu ndo ziko humo ndani.

Simu ikaja kupatikana baada ya magharibi. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, Idi mubaraka. Nikamwambia mzee sisi leo tulikuwa bado tumefunga, akacheka mpaka nikacheka na mimi. Ila muungwana, alipanda boda toka Mbagala usiku ule, kafungua, kila mtu kapewa chake, na hela ya boda nilivyompa akakataa.

Nikamwambia ukweli, mzee andika tarehe. Hapa mjini ukisema siku ya Idi unaweza kuwa umetaja siku mbili. Sema mwisho wa kupokea nguo lini, mwisho wa kuchukua lini, unarudi lini, na kama mwezi haujajulikana andika ukiandama leo tunafanya hivi, usipoandama hivi. Au sema tu chukueni zote kabla ya Ramadhani 28, yaishe.

Kasikia bwana. Idi kubwa ikamkuta kajipanga, na ile kwanza ni rahisi mana inakuwa tarehe 10 mfungo tatu, mwezi ukishaandama una siku kama tisa za kutangaza. Kabandika karatasi mlangoni kwa maka peni, mwisho kupokea Jumanne saa 10 jioni, kuchukua mwisho Alhamisi saa 2 usiku, tunafungua Jumatatu, na ile karatasi kaipiga picha katurushia wote WhatsApp. Hiyo ndo taarifa, ile ya maua ilikuwa kadi.

Kilichobaki ni Google, bado masaa 24 mpaka leo, msiiamini. Na Desemba. Pale huwa hafungi hata Krismasi, ila vijana wake wawili wa pasi ni wa Moshi, ikifika tarehe 20 hivi wote wako kwenye basi, duka liko wazi na nguo zinapokelewa ila hamna wa kuzinyoosha. Hilo kwenye karatasi haliandiki, kwahiyo ukipeleka suti kipindi hicho muulize kabisa nani yupo.