Bunduki ya hewa ya chini ya maji: hodari karibu na uso, mzigo kwa nyambizi

Chombo ninachokitathmini ni silinda ya chuma inayojazwa hewa iliyoshindiliwa hadi takriban mara 140 ya shinikizo la angahewa, kisha valvu yake hufunguka ghafla na hewa yote ikatoka majini kwa mkupuo mmoja. Niliyoitumia ina chumba cha lita moja, nayo ilining'inia kwenye boya mita tano chini ya uso; kwa kazi ya kutuma sauti ili kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini ya sakafu ya bahari, sina budi kuisifu.

Anayeisikia mara ya kwanza hudhani kwamba sauti yote ni kile kishindo cha mwanzo. Haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, hufichua mengine: kiputo cha hewa huvimba kupita kiasi, maji yakakisonga hadi kikanywea, kikavimba tena, zaidi ya mara kumi kwa sekunde, na kila kinaponywea hutoa kishindo kingine hafifu. Humo ndimo inamotoka sauti nzito inayofika mbali, kwa kuwa bahari hainyonyi sana mawimbi ya masafa ya chini. Humo pia ndimo ilimo kero, maana marudio hayo huchafua mwangwi unaorudi kutoka chini ya sakafu ya bahari, na njia mojawapo ya kuyapunguza ni kufyatua pamoja bunduki kadhaa za ujazo tofauti.

Wapo wanaotaka kuifunga kwenye nyambizi, kwa hoja kwamba mitungi ya hewa tayari imo ndani. Hapo siwaungi mkono. Kwenye kina cha mita 100 shinikizo ni kama mara 11 ya lile la angani, hivyo kiputo kile kile husinyaa na mdundo wake huwa wa kasi takriban mara tano kuliko nilivyoupima mimi. Kuurudisha uzito wa sauti kwa shinikizo lile lile la hewa kungehitaji chumba kikubwa zaidi ya mara mia, yaani lita zaidi ya mia kwa kila mfyatuo, kutoka kwenye hewa ile ile inayosukuma maji nje ya matangi chombo kinapotaka kuibuka. Tena nyambizi huishi kwa kunyamaza!

Kwa matunzo, pete za mpira ndizo huchakaa kwanza. Ukiona vipovu vyembamba vikipanda mfululizo kama shanga kabla ya kufyatua, ipandishe, toa hewa yote, ndipo uifungue.