Kozi ya mtandaoni ya tiba ya ndani ya mbwa na paka: nimeimaliza, haya ndo niliyoyaona

Nimemaliza juzi kozi ya wiki 16 ya tiba ya ndani ya wanyama wadogo, ile ya mtandaoni kwa madaktari wa mifugo ambao tayari wako kazini, na kwa vile mimi kabla ya kujisajili nilihangaika sana kupata mtu wa kunipa ukweli wake basi nimeona niandike. Jina la waliotoa kozi naliacha maana kuna mambo nitayalalamikia hapa chini, na isitoshe kozi nyingi za aina hii zimejengwa kwa mtindo mmoja, kwahiyo hata kama unayoifikiria ni nyingine utajua uangalie nini kabla hujalipa.

Nianze na kilichonifanya nijisajili. Nilikuwa na mbwa mmoja jike, miaka 4, alikuja kliniki mara tatu ndani ya miezi mitano na kila mara ni yale yale, anatapika, hataki kula, amelegea tepetepe. Tunamtundikia dripu, kesho yake kasimama anatingisha mkia, mwenyewe anafurahi na sisi tunafurahi, anarudi nyumbani. Mara ya kwanza niliandika tumbo. Mara ya pili nikaandika tumbo tena. Mara ya tatu kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) ilikuwa juu na mkojo mwepesi kama maji, nikaandika figo. Mama mwenye mbwa akaniuliza kwa upole tu, "Daktari, figo gani hizi zinazopona kwa siku moja?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaendelea kumfuatilia, afu jioni ile ile nikaanza kutafuta kozi.

Sasa kozi yenyewe. Imegawanyika moduli nane, kila moja wiki mbili: figo na njia ya mkojo, homoni (hii ni mbili), tumbo na utumbo, ini na kongosho, damu, moyo na mapafu, na maambukizi. Kila wiki kuna mihadhara ya kurekodiwa, unaangalia muda wako, halafu usiku mmoja mnakutana laivu watu kama ishirini na mwalimu mmoja mnafanya kesi. Na hapa niseme wazi, thamani yote ya kozi iko kwenye hizo kesi. Mihadhara ni mizuri, ila mihadhara mizuri unaweza ukaipata sehemu nyingi. Kesi zile sijawahi kuziona kwingine.

Zinaendaje? Mwalimu anakupa historia na alichokikuta kwenye uchunguzi wa mwili, basi. Hutakiwi kutaja ugonjwa. Unaandika orodha ya matatizo, moja moja, kutapika peke yake, kukonda peke yake, potasiamu kuwa juu peke yake, afu kwa kila tatizo unasema nini kinaweza kulileta. Ukitaka kipimo unaomba, lakini kabla hujapewa majibu lazima useme unategemea kuona nini na kikija tofauti utafanya nini. Usipoomba hupewi. Wiki ya kwanza nilichukia, nilizoea kuagiza paneli nzima ya damu afu nikakaa kutafuta kilichowekewa rangi nyekundu, sasa mtu ananiuliza ALT (kimeng'enya cha ini) unaitaka ya nini kwa mbwa huyu na nabaki kimya. Kufika wiki ya nne nikaanza kuona kuwa nafikiria tofauti hata nikiwa kazini kwangu.

Wiki ya tano ndo tukaletewa mbwa aliyekuja amezimia, fizi nyeupe, miguu ya baridi, joto la mwili liko chini, mapigo ya moyo 60 kwa dakika. Mwalimu akauliza, "Mna shida gani na hiyo 60?" Kimya. Akasubiri, hakutusaidia. Mwisho dada mmoja akasema mbwa aliye kwenye mshtuko moyo wake unatakiwa ukimbie, huu mbona unatembea. Hapo hapo mambo yakaanza kufunguka: kitu gani kinaushika moyo usikimbie, potasiamu, haya potasiamu imepandaje, tukaomba elektrolaiti (chumvi za damu), sodiamu chini na potasiamu juu. Tukaomba picha ya damu, limfosaiti ziko kawaida kabisa na eosinofili zimezidi kidogo (zote ni aina za chembe nyeupe za damu). Mwalimu akasema mbwa mgonjwa kiasi hiki angetakiwa limfosaiti zake zishuke kwa sababu ya kortisoli, homoni ya msongo, sasa kama hazijashuka jiulizeni hiyo kortisoli iko wapi. Ugonjwa wa Addison. Tezi za adrenali, zile zilizo karibu na figo, zimeacha kutoa kortisoli na aldosteroni (homoni inayoshika sodiamu mwilini), sodiamu inavuja kwenye mkojo na maji yanaifuata, potasiamu inabaki mwilini, na kwa vile figo zinakosa sodiamu ya kuzisaidia kukoza mkojo, mkojo unatoka mwepesi hata kama mnyama kakaukiwa maji. Ndo maana watu wanadanganyika wanaandika figo.

Sikulala vizuri siku ile. Asubuhi nimefika kliniki hata chai sijanywa nikatoa faili la yule jike wangu. Sodiamu 131, potasiamu 6.4. Ukigawa unapata 20 na kitu, na chini ya 27 tayari ni ya kushtukia. Limfosaiti kawaida. Majibu yote hayo yalikuwa kwenye faili, yameprintiwa, yana sahihi yangu chini. Nikampigia mama yule aje naye kabla hajaanguka tena. Na hapa kozi ilinisaidia pia kwa vitu vidogo ambavyo ndo vinaharibu kazi: kwamba minyoo ya mjeledi nayo inaweza ikakupa uwiano kama huo wa sodiamu na potasiamu kwahiyo pima kinyesi, kwamba kortisoli ya kupima mara moja tu, bila kumchoma kitu, ikizidi nanomoli 55 kwa lita Addison unaweza kuiondoa karibu kabisa lakini ikiwa chini haijathibitisha kitu, lazima ufanye kipimo cha ACTH (unamchoma homoni inayoziamsha adrenali, unapima kortisoli kabla na baada), na kwamba kama hali ni mbaya na huwezi kusubiri kumpa steroidi basi mpe deksamethasoni, usimpe prednisoloni, kwa sababu mashine inaisoma prednisoloni kama kortisoli na kipimo chako kinakuwa hakina maana. Tulipima kabla na baada ya ACTH, namba zote mbili karibu na sifuri. Sasa hivi anachomwa sindano yake ya DOCP (dawa inayoshika nafasi ya aldosteroni) kila mwezi na prednisoloni kidogo sana kila siku, na wiki iliyopita kapimwa, kaongezeka kilo mbili na robo.

Moduli ya figo nayo naisifia. Wanafuata mfumo wa IRIS (jopo la kimataifa la wataalamu wa figo za wanyama) wa kugawa ugonjwa sugu wa figo kwa hatua nne, na hawakufundishi namba tu, wanasisitiza kuwa hatua haipangwi kwa mnyama aliyekaukiwa maji wala kwa kipimo cha mara moja, unasubiri hali yake itulie kwanza, unarudia, ndo unampa hatua, afu unaongeza protini ya mkojo na presha. Presha! Nilikuwa na mashine ya kupimia presha imekaa kabatini nikiitoa mara moja moja. Paka mzee akiwa na 180 na kuendelea macho yake na ubongo wake viko hatarini, anaweza akapofuka ghafla, na dawa yake ni amlodipini ya kawaida tu. Kingine walichorudia mpaka nikakiota ni kuchukua mkojo kabla ya dripu, maana ukishamjaza maji ukolezi wa mkojo haukuambii tena kama figo zilikuwa zinaweza kukoza au la. Nimekata kipande cha plasta nikaandika MKOJO KWANZA nikakibandika kwenye stendi ya dripu, na vijana wa kliniki wamezoea, siku hizi wao ndo wananikumbusha. Na paka wazee waliokonda msiiamini kreatinini peke yake jamani, inatoka kwenye misuli, na misuli yenyewe hawana.

Kuhusu kama kozi inaenda na wakati, ndio, inaenda. Kwenye kisukari cha paka walifundisha dawa mpya za kunywa, bexagliflozin ambayo Marekani iliipitisha Desemba 2022 na velagliflozin iliyofuata 2023, na nilipenda kuwa mwalimu hakuzipigia debe. Alitumia nusu saa nzima kwenye hatari yake kubwa, kwamba paka anaweza kuingia kwenye ketoasidosisi (damu kujaa asidi za ketoni) huku sukari yake inasoma vizuri tu, kwahiyo ukiona paka yuko kwenye dawa hizi kaacha kula usitulie eti kwa sababu glukosi ni nzuri, pima ketoni. Na paka aliyekwisha kutumia insulini huyo si wa kumuanzishia.

FIP, ugonjwa wa paka unaoletwa na virusi vya korona vya paka, ndo ilinigusa zaidi. Notisi zangu za chuo zimeandika ugonjwa huu hauna tiba, na miaka yote nimefanya hivyo, maji ya njano tumboni, mazungumzo mafupi na mwenye paka, sindano ya mwisho. Wapo niliowalaza wakiwa hata mwaka hawajafikisha. Kumbe tangu 2019 tafiti za GS-441524, dawa ya kuzuia virusi, zilikuwa zimeshaonyesha paka wengi wanapona, matibabu yanaenda siku 84 kwa utaratibu wa mwanzo, na ile aina ya kwenye macho na mishipa ya fahamu inataka dozi kubwa zaidi. Mwalimu alituwekea picha ya paka yule yule, siku ya kwanza na siku ya 84. Nilizima kamera dakika kadhaa. Kama kuna daktari anasoma hapa na bado anamwambia mwenye paka hakuna kitu cha kufanya, tafadhali tafuta mafunzo, si lazima haya, yoyote yale mradi ya karibuni.

Haya, malalamiko. La kwanza, kwizi. Kila moduli inaisha na maswali 40 ya kuchagua jibu na lazima upate asilimia 70, na maswali mengi ni ya kukariri, jina la kimeng'enya, nani alileta uainishaji gani, vitu ambavyo haviendani kabisa na namna wanavyofundisha kwenye kesi. Wiki mbili wananifundisha kufikiri afu wananipima kukumbuka. Kwangu hilo ni kosa kubwa kwenye kozi nzuri namna hii na nimewaandikia.

La pili, unaandika ripoti mbili za kesi zako mwenyewe na zinasahihishwa na mtaalamu. Wazo zuri kabisa. Ya kwanza ilirudi baada ya siku kumi ina maoni ukurasa mzima, mwalimu kaniuliza kwa nini nilimpa antibayotiki mbwa wa kuharisha ambaye hana homa na damu yake nzuri, na kweli sikuwa na sababu. Ya pili imekaa wiki sita na imerudi na mstari mmoja, "kazi nzuri". Mtu nimekesha siku tatu naiandika ile.

La tatu, moduli ya tumbo imejaa endoskopi mno. Masaa mawili na nusu ya kuangalia kamera inapita kwenye utumbo ni mazuri kwa mwenye mashine hiyo, ila wengi wetu kwenye kundi hatukuwa nayo, na somo ambalo lingetufaa sote, yaani kujaribu kubadilisha chakula kwa mpangilio kabla ya kufikia steroidi, lilipewa dakika 20. Na moyo wa paka umepitiwa juu juu. Wa mbwa wameutendea haki, hatua zote za ugonjwa wa vali ya mitral kuanzia A mpaka D, na lini dawa ya moyo ya pimobendani inaanza, yaani B2 moyo ukiwa umeshapanuka, si kila mwenye mluzi kwenye stetoskopu.

Jambo moja watu wananiuliza sana: cheti. Unapata cheti na masaa ya mafunzo endelevu ya kuhuishia leseni. Hukuwi spesholisti. Ubingwa wa tiba ya ndani ni resideni ya miaka kama mitatu chini ya mabingwa pamoja na mitihani ya bodi, kwahiyo usije ukabandika ukutani kitu kinachomfanya mwenye mbwa aelewe vingine.

Muda: jipange masaa sita kwa wiki kwa uchache, wiki ya kesi ngumu hata tisa. Mwenzangu mmoja alichukua ile ya rekodi tupu bila vipindi vya laivu kwa sababu ni nafuu, na akasema ni ya kawaida, na namuelewa, kwa sababu alichokiacha ndo chenyewe. Kama pesa haitoshi ya laivu ni bora usubiri msimu mwingine. Na ukijiunga usikae kimya kamera imezimwa, sema hata ukikosea, mwalimu anakurekebisha vizuri.

Nimeshaulizia sehemu ya pili, ile ya wiki 10 ya homoni peke yake. Wamenijibu ripoti zitasahihishwa ndani ya wiki mbili. Nimewaomba waniandikie hilo kwenye barua pepe, nasubiri.