Ayn Rand mikononi mwa mweka hazina wa kufa na kuzikana

Nimekinunua kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, shilingi elfu saba baada ya kuvutana. Jalada limechubuka, karatasi za njano, herufi ndogo za kuumiza macho, na gundi ya mgongoni imeanza kuachia. Kinaitwa The Virtue of Selfishness, yaani Fadhila ya Ubinafsi, cha mwaka 1964. Mwandishi ni Ayn Rand, yule mzaliwa wa St. Petersburg aliyehamia Marekani mwaka 1926, baada ya Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, kutaifisha duka la dawa la baba yake. Hilo duka ulikumbuke unapomsoma, hasira zake nyingi zitaeleweka.

Ndani mna insha 19: 14 zake, 5 za Nathaniel Branden, aliyekuwa mwanafunzi wake mkuu. Mwisho wa utangulizi kuna nyongeza ya Novemba 1970, Rand anaandika: Branden hahusiki tena na mimi wala na falsafa yangu. Kama yale matangazo ya gazetini, "mtu huyu si mfanyakazi wetu tena", imekosekana picha tu. Na hii ndiyo falsafa ya kila mtu kufikiri kwa kichwa chake! Insha za Branden lakini zimebaki palepale.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, kwa hiyo niliyoisoma kwa kalamu mkononi ni insha ya dharura, ile inayouliza tuwasaidie wengine kiasi gani wakipatwa na janga. Anasema mtu usiyemjua akizama, muokoe kama hatari kwako ni ndogo. Ikiwa kubwa, kujitosa ni kosa kimaadili. Mume akimaliza mali yake yote kumtibu mke anayempenda, hajajitoa mhanga, kwa sababu mke huyo ni sehemu ya furaha yake mwenyewe. Halafu anafika kwa jirani mgonjwa asiye na kitu. Nilidhani atamfungia mlango. Hapana: mpelekee chakula na dawa ukiweza, au changishaneni majirani. Ila iwe kwa wema wako, isiwe deni, na isiwe kwamba sasa utamlisha siku zote.

Namkubalia nusu. Nimewaona wanaotoa kwa kuogopa kusemwa. Jina likichelewa kwenye orodha ya WhatsApp, simu zinaanza. Mama mmoja mtaani kwetu alikopa kausha damu ili achangie harusi ya mtoto wa jirani. Huyo ukurasa huu ungemfaa.

Lakini daftari langu haliendi kwa wema peke yake. Jeneza, gari la kwenda Korogwe, mchele, maji: pesa inatakiwa leo kabla ya saa kumi, na ipo kwa sababu watu walitoa mwezi baada ya mwezi wakiwa hawana hamu yoyote ya kutoa. Mfuasi wake angenijibu kwamba kikundi ni cha hiari, mtu kajiunga mwenyewe, na ahadi ni ahadi. Sawa. Ila kichanga aliyezaliwa jana hakujiunga popote, naye tunamzika.

Insha ya ubaguzi wa rangi ni ya 1963. Anaulaani ubaguzi kwa maneno makali kweli, kisha kurasa chache mbele anasema serikali haina haki ya kumlazimisha mwenye biashara binafsi kumhudumia asiyemtaka. Mwaka ambao Wamarekani weusi walikuwa wakifukuzwa kwenye meza za migahawa! Hapo kitabu kinachanika, na gundi haina lawama.

Ya fedha za serikali imenichekesha. Kodi iwe ya hiari, na pengo lizibwe kwa bahati nasibu, au ada ya anayetaka mkataba wake ulindwe mahakamani. Mwenyewe anakiri ni hatua ya mwisho kabisa, si ya kesho.

Kiingereza chake si kigumu, ila ana kiburi, hasa kwenye insha ndefu ya kwanza. Anza na ya dharura. Za Branden unaweza kuziruka, isipokuwa ile fupi inayojibu swali ambalo kila mtu huuliza: si hata mtoa sadaka anajifurahisha nafsi yake? Anajibu kwamba kutaka kufanya jambo hakutoshi, lazima uulize jambo hilo linamfaidi nani. Hiyo nimemsomea mwenyekiti wetu, na bado tunabishana.