Rigoletto: nakala ya kondakta au toleo lililohakikiwa?

Ukitaka kitabu cha nota cha Rigoletto, opera ya mtunzi Mwitaliano Verdi ya mwaka 1851, utachagua nini: nakala kongwe ya Ricordi, wachapishaji wa muziki wa Italia, kutoka maktaba ya kondakta (kiongozi wa okestra) maarufu, au toleo lililohakikiwa la 1983 la Chuo Kikuu cha Chicago na Ricordi?

Kwa usahihi wa nota, toleo la 1983 liko mbele. Limerudi kwenye mwandiko wa Verdi mwenyewe. Ukiongoza kwa nakala kongwe, kwanza linganisha herufi za mazoezi, yaani alama za kuonyesha mahali pa kuanzia, na zile za karatasi za wapigaji. Zikipishana, okestra itakwama kila ukisema "turudi hapa".

Ila penseli ya kondakta haipatikani dukani. Huonyesha alipokata, alipobadili mapigo, alipompa mwimbaji pumzi. Kondakta Mmarekani Leonard Bernstein, kwa mfano, aliandika kwa nyekundu yale ya kunakiliwa kwenye karatasi za wapigaji, na kwa buluu yaliyokuwa yake. Kabla ya kulipa, linganisha mwandiko wa penseli na kurasa za kondakta anayetajwa zilizoko kwenye hifadhi. Muhuri wa jina lake pekee hautoshi, maana yeyote anaweza kuugonga.

Na utunzaji una gharama. Karatasi za mwishoni mwa karne ya 19 mara nyingi zina asidi, humeguka pembeni. Kilaze bapa ndani ya boksi lisilo na asidi, unyevu asilimia 35 hadi 50. Usibandike selotepu, na usifute penseli kamwe.

Mwenye onyesho mwezi ujao achukue la 1983. Anayechunguza uongozaji, au anayejenga maktaba, atafute nakala kongwe, aipige picha kila ukurasa, kisha aifanyie kazi kwenye picha.