Makande ya Arusha: sufuria ya kawaida au presha kuka?

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni nyepesi, ndiyo maana maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Tanga. Hapo ndipo sufuria ya kawaida inapokwama. Hata ukiongeza mkaa, makande hayaivi haraka zaidi. Joto la ziada linaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Na mvuke unakula moto kweli: kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja kunataka kilojuli 4.2 tu, kuigeuza yote mvuke ni karibu 2,260. Yakishachemka, punguza moto, funika. Mama mkwe wangu bado anachochea, nami sibishani naye.

Presha kuka inaufungia mvuke ndani. Presha inapanda, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120, na punje ngumu za mahindi zinalainika mapema. Ubaya wake, huwezi kufunua uonje chumvi.

Mimi nachemshia kwenye presha, kisha nahamishia sufuriani kuunga vitunguu na nazi.