TAHADHARI: Probus wa mkuki na ngao, silaha zimechongwa juzi

Jamani, yule muuzaji aliyeniuzia sarafu ya Probus, kaisari wa Roma, ile niliyowarushia picha zake hapa mkanipongeza, ni TAPELI. Mwenye sarafu aliyonunua kwake asome hadi mwisho.

Picha alinitumia usiku. Taji la miale, dirii kifuani, uso umeelekea kushoto, mkuki begani, ngao mkono wa kushoto. Nikamuuliza, ngao hii ni ya asili? Akajibu papo hapo. Akaitaja karakana ya kupigia sarafu ya Siscia, akanieleza ile alama ya XXI ya upande wa pili kuwa ni shaba sehemu 20 kwa fedha sehemu 1, akanipigia na picha ya ukurasa wa katalogi. Mtu anayeyajua hayo utamshuku vipi? Na Probus ni Probus: alitawala 276 hadi 282 tu, lakini vifua vyake, yaani sura yake hadi kifuani kwenye sarafu, ni vya kila namna. Kuna cha joho la konsuli na fimbo yenye tai, cha kofia ya chuma, hadi cha shujaa anayeonekana kwa mgongo. Kifua kigeni kwake si ajabu, na tapeli huyu analijua hilo vizuri. Kifua kisicho na silaha kinapatikana kwa bei ya kawaida. Mimi nimelipa bei ya ngao.

Imefika, nikaiweka chini ya lenzi, taa nikaitoa juu nikaimulika kwa ubavuni. Mwili ulinifa ganzi. Pembeni mwa mkuki pamezama! Sarafu iliyopigwa kwa muhuri, mkuki unainuka na pembeni panabaki sawa. Huyu kachimba shaba kuuzunguka ili uonekane umeinuka. Nikapitisha pamba ya asetoni, kijani chote kikahamia kwenye pamba, mikwaruzo ikabaki inang'aa.

Nilipodai hela yangu, akanifungia.

Kwa hiyo daini picha ya mwanga wa ubavuni, tafuteni sarafu nyingine ya muhuri uleule mlinganishe, na herufi zilizo jirani na silaha zikiwa nyembamba kuliko wenzake, kimbieni. Lakini huyu kufutiwa akaunti hakutoshi! Apelekwe polisi, arudishe hela ya kila mtu, asikanyage mnada wowote tena. Sarafu imevuka miaka 1700 salama, yeye kaiharibu kwa patasi, na hiyo hairudishiki. Wenye risiti zake nitumieni leo, malalamiko nayapeleka kesho asubuhi.