Barolo ya 2004, na kijana aliyesema sijazoea

Ningeulizwa jioni ileile kama mtu aende kuonja mvinyo katika nyumba hiyo, ningemjibu asithubutu kukanyaga pale. Sasa hasira imepungua kidogo, nasema kidogo tu, na jibu limekuwa gumu zaidi, kwa sababu mvinyo mzuri kuliko wote niliowahi kunywa niliunywea kwenye meza ileile niliyodharauliwa.

Nyumba yenyewe siitaji jina. Iko Serralunga d'Alba, katika vilima vya Langhe, mkoani Piemonte, Italia, na inaendeshwa na familia moja: baba mzee anayeshughulika na mizabibu na mapipa, na mwanawe wa kiume anayepokea wageni. Tulikuwa tumewaandikia mapema tukiomba kufunguliwa chupa ya zamani, Barolo Riserva ya mwaka 2004, yaani ule mvinyo mwekundu wa vilima hivyo, wa daraja linalohifadhiwa muda mrefu zaidi, na tukakubali kuilipia peke yake, nje ya ada ya kawaida. Wanaoijua Barolo hawatashangaa. Hutengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo tupu. Riserva hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kuhifadhiwa miezi 62, na hata ikishatoka, ile ya Serralunga huwa bado na ukakasi wa kukausha ulimi, hivyo mwenye subira huilaza chupa miaka mingine kumi au zaidi mpaka ilainike. Kuipata iliyokwisha kukomaa, tena palepale ilipotengenezwa, bila kutikiswa na malori wala kukaa kwenye joto la duka, ni jambo la kufungia safari.

Kijana akaja na chupa iliyokwisha kuzibuliwa. Hilo peke yake si kosa, maana mvinyo wa umri huo una mashapo na unahitaji muda wa kupata hewa. Akamimina. Rangi ilikuwa kama inavyotakiwa, nyekundu hafifu inayogeuka rangi ya tofali pembezoni, nami nikafurahi. Kisha nikanusa. Badala ya waridi na lami, harufu mbili ambazo Nebbiolo iliyozeeka inasifiwa kwazo, ikanijia harufu ya boksi lililolowa mvua likasahauliwa stoo.

Tatizo hilo linajulikana. Kuvu walio katika gome linalotengenezewa vizibo huzalisha kemikali ambayo kiasi chake kidogo mno chatosha kuua harufu yote ya matunda. Haimdhuru mnywaji, haiponi kwa kuachwa ipate hewa, na huweza kuipata chupa yoyote, iwe ya bei kubwa au ndogo, bila mwenye shamba kuwa na lawama. Ndiyo maana mgeni akisema kizibo kimeharibu mvinyo, mwenyeji hunusa, huomba radhi kwa maneno mawili, na kuleta chupa nyingine. Mambo yangekwenda hivyo, nisingeandika lolote.

Nilisema kwa upole, kwa Kiitaliano kinachonitosha kazini kila siku, kwamba nahisi kizibo kimeuharibu mvinyo huu. Kijana hakunusa. Hilo ndilo lililonichoma: hakuigusa hata glasi. Alitabasamu, akamgeukia mume wangu, ambaye ni mzaliwa wa Torino na hakuwa amefungua kinywa, akamwambia, "Bibi hajazoea. Mvinyo mzee ndivyo ulivyo. Mtu aliyetoka nchi zisizo na mizabibu huchukua muda kuuelewa."

Mimi ni mtu wa Dodoma. Nimekulia kwenye mizabibu iliyoletwa na wamisionari Wakatoliki, ambayo huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo vilima vya Langhe, pamoja na sifa zake zote, haviliwezi. Sisemi kwamba mvinyo wetu unalingana na Barolo. Haulingani, na mtu wa Dodoma aliye mkweli atakiri. Lakini mtoto aliyelelewa na baba anayesindika mvinyo huijua harufu ya kilichoharibika kabla hajajua kusoma. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wa Serralunga sijui ni mgeni wa aina gani angemponya.

Mume wangu alipomwambia kwamba mkewe hakosei, kijana akaanza kutuhubiria habari za mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia ambayo babu yake hakukubali kuyaacha wakati majirani walipokimbilia mapipa madogo ya Kifaransa. Hotuba nzuri, na haikuwa na uhusiano wowote na kilichokuwa ndani ya glasi yangu.

Nadhani sauti zilimfikia mzee. Aliingia na viatu vya shamba, akachukua glasi yangu bila kuuliza, akanusa mara moja, akaimwaga, akasema "kizibo", akateremka ghalani. Aliporudi na chupa nyingine aliizibua mbele yetu, akanusa kizibo, akaonja, ndipo akanimiminia mimi kwanza. Hapo hukumu yangu yote ikavurugika. Waridi lilikuwepo, lililokauka, lami ilikuwepo, cheri na ngozi zilifuata, na ukakasi, badala ya kukaba, uliubeba ule utamu wa matunda mpaka muda mrefu baada ya kumeza. Nilikaa kimya, na mimi si mtu wa kukaa kimya. Kwa mvinyo ule, na kwa mzee yule, natoa alama zote.

Nilikuwa tayari kusamehe hadi tulipokwenda kulipa, kijana akamuuliza mume wangu, si mimi, "Je, hatimaye Bibi amependa?" Basi alama nikazirudisha chini.

Atakayekwenda aombe kupokelewa na mzee, na asikubali chupa izibuliwe nyuma ya mlango. Mimi sirudi pale. Chupa za familia hiyo nitazinunua kwenye duka moja mjini Alba, kwa bei ya juu kidogo, ingawa najua fika kwamba sehemu ya pesa hiyo itaishia mfukoni mwa kijana yuleyule, na hilo linaniudhi mpaka sasa.